Korongo moja, mwaka mmoja: mwongozo wa kutafiti ardhi na maji kijijini kando ya Ziwa Victoria

Usiku mvua ikinyesha ya kutosha, asubuhi nenda mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapoegeshwa, ukasimame juu ya mawe. Utaona ziwa lina rangi mbili. Kule mbali ni bluu ya kijivu kama siku zote, lakini pale korongo linapomwaga kuna ulimi wa maji ya kahawia umeingia ndani ya ziwa, na mpaka wa rangi hizo mbili unaonekana kama umechorwa kwa chaki. Waulize waliopo tope hilo limetoka wapi. Mvuvi atakuambia ni wakulima wanaolima hadi ukingoni. Mkulima atasema ni ng'ombe. Mfugaji atasema ni wachoma mkaa waliomaliza miti mlimani. Kila mtu ana jibu, na hakuna aliyepima.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kupima. Nimemfikiria bwana shamba wa kata, mwanafunzi wa chuo anayerudi kwao likizo, mwalimu wa jiografia, katibu wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi mwaloni), na kijana aliyemaliza kidato cha nne anayejua kusoma rula. Ukiondoa simu na mizani, vifaa karibu vyote utavipata jikoni, kwa fundi bati au duka la vifaa vya ujenzi.

Niseme mapema ninapoegemea: korongo moja lililopimwa mwaka mzima lina faida kuliko dodoso la maswali 80 lililojazwa kwa wiki mbili. Nimeyafanya yote mawili, upande wa Magu na upande wa Misungwi. Dodoso lilinipa majedwali mengi mazuri. Korongo ndilo lililonipa kitu cha kwenda kusema kijijini.

Hatua ya 1: Tafuta swali linaloweza kukukatalia

"Usimamizi endelevu wa ardhi na maji" ni kichwa cha semina, bado si swali. Swali la utafiti ni lile ambalo jibu lake linaweza kuwa kinyume na ulivyodhani, nawe ukaliona hilo kwa macho kwenye daftari. Kwa mfano: je, tope la mwaloni kwetu linatoka zaidi kwenye tawi la korongo lenye malisho au lile lenye mashamba ya mihogo? Au: shamba lenye makinga maji linapoteza udongo kidogo kuliko la jirani lisilo nayo, kwenye mteremko ule ule? Au: kisima cha kitongojini kinakauka mwezi gani, na mvua iliyotangulia ilikuwa kiasi gani? Chagua moja. Mimi nitatumia lile la matawi mawili ya korongo, maana linagusa kila kitu: mvua, udongo, maji, mifugo na samaki.

Usione aibu kwamba swali ni dogo. Ziwa lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800 hivi, na Tanzania peke yake ina karibu nusu yake. Hakuna mtu mmoja atakayelipima. Lakini angalia jinsi linavyofanya kazi. Asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayoangukia ziwa lenyewe. Mito na makorongo yanaleta sehemu ndogo tu ya maji, ila ndiyo yanayobeba udongo wa mashambani pamoja na mbolea na samadi iliyogandamana nao. Virutubisho hivyo vinalisha mwani na magugu maji, na mwani ukioza unamaliza hewa ambayo samaki angeitumia. Kwa hiyo korongo lako dogo liko kwenye mlango wenyewe wa tatizo.

Kabla hujanunua hata rula, uliza kilichokwisha kupimwa. Ukiriguru, pale Misungwi, wamekuwa wakitafiti udongo na pamba tangu miaka ya 1930; leo kituo kiko chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo. TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, wana kituo chao Mwanza kwa mambo ya samaki. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ndiyo inayosimamia vipimo vya mito, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rekodi ndefu za mvua. Andika barua, eleza swali lako kwa sentensi mbili, omba takwimu za kituo kilicho karibu nawe. Barua fupi hujibiwa upesi kuliko ndefu.

Hatua ya 2: Ruhusa, na ile hofu ya mita 60

Mwanafunzi aanze na barua ya chuo, iende kwa Katibu Tawala, kisha halmashauri, kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Kama utafiti una mgeni kutoka nje ya nchi au mradi wa kimataifa, kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kinahitajika, na kianze kushughulikiwa miezi kadhaa kabla. Mwanakijiji anayepima mvua nyumbani kwake hahitaji safari yote hiyo, lakini mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji lazima wajue. Ziwani mlango ni BMU. Usipande mtumbwi kabla hujakaa nao.

Hayo ni makaratasi. Ruhusa yenyewe unaipata kwa watu, na hapa ndipo wengi tunapokwama. Siku yangu ya kwanza kupita kando ya korongo na futi kamba mkononi, mama mmoja aliyekuwa akimwagilia mchicha aliacha ndoo, akasimama. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mama." Akaitikia, halafu akauliza taratibu: "Mmetumwa kutupimia mita sitini?"

Swali lake lilikuwa na msingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Bustani nyingi za mboga ziko ndani ya mita hizo. Mtu mwenye futi kamba, kofia na daftari anafanana sana na mtu anayekuja kuhamisha watu. Ukimjibu mama yule kwa kigugumizi, umemaliza utafiti wako, maana kila utakayemfuata baada yake atakuambia anachodhani unataka kusikia.

Fanya hivi. Omba dakika 15 kwenye mkutano wa kitongoji. Sema unapima nini, kwa muda gani, na nani atayaona majibu. Sema pia usichopima. Kisha timiza: usiandike jina la mtu pembeni ya alama ya shamba kwenye ramani, mpe kila shamba namba, na orodha ya majina iwe kwenye daftari tofauti linalokaa nyumbani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, ramani inayoonyesha kwamba fulani analima ukingoni si ya kuacha izunguke kwenye simu za watu.

Hatua ya 3: Tembea kabla ya kupima

Anza mlimani, kwenye mawe, ushuke hadi ziwani, siku nzima, ukiwa na mzee anayejua majina. Usukumani huhitaji kitabu cha udongo, lugha imeshaupanga. Juu karibu na mawe na kushuka kidogo utakuta mchanga mwepesi, luseni, nchi ya mihogo, viazi na karanga. Katikati ni itogolo, udongo mgumu unaoganda kama sakafu jua likiwaka. Chini ni mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa matairi masika, na ndiko kwenye majaruba ya mpunga. Mpangilio huu unajirudia kilima hadi kilima. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi kituo cha Amani kule Tanga, aliuandikia wanasayansi mwaka 1935 akauita katena, na neno hilo linafundishwa vyuoni duniani kote. Wakulima walikuwa wanautumia zamani kuchagua mahali pa kupanda.

Kwenye matembezi hayo andika majina ya Kisukuma kama yalivyo. Ukiandika tu "mchanga" na "mfinyanzi" utakosa tofauti ambayo mkulima anaiona mara moja. Ukitaka kujihakikishia, chukua chupa yenye kuta zilizonyooka, weka udongo theluthi moja, jaza maji, tikisa sana, weka mezani. Mchanga utakaa chini ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini la katikati baada ya saa chache, na mfinyanzi utachukua siku nzima au zaidi. Pima tabaka kwa rula.

Chagua pia vituo vitano au sita vya picha. Hapa Mwanza tumejaliwa mawe yasiyohama: weka alama ndogo ya rangi juu ya jiwe, simama hapo hapo kila mwezi, elekeza simu upande ule ule, piga. Picha 12 za korongo moja zitazungumza mkutanoni kuliko grafu yoyote. Kwa miaka ya nyuma, picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972, na za Sentinel-2, zinazoonyesha hadi mita 10, tangu 2015. Zote ni bure. Linganisha mwezi ule ule wa miaka tofauti, na chagua kiangazi, Juni hadi Agosti. Picha ya Aprili utaona mawingu tu, na ukilinganisha Aprili ya mwaka mmoja na Septemba ya mwingine utatangaza jangwa lisilokuwepo.

Hatua ya 4: Kaa na wazee, na wanawake peke yao

Usimuulize mzee "mwaka gani korongo lilianza kuchimbika?" Atakutajia mwaka wowote ili uondoke. Muulize kwa matukio. Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Mvua zile za 1961, zilizolipandisha ziwa zaidi ya mita mbili katika miaka michache iliyofuata, zilikukuta wapi? Wakati wa kuhamia vijiji vya Ujamaa kulikuwa na miti hapa? Vita vya Kagera? Mwaka ilipozama MV Bukoba, 1996? El Niño ya mwaka uliofuata ilikata daraja? Maji yalipopanda 2020, yalifika mti upi? Kwa hilo la mwisho mwombe akupeleke akuonyeshe mti wenyewe, kisha pima.

Muulize pia kuhusu ngitili, yale malisho yanayofungwa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Je, kijiji kilikuwa nazo, zilikuwa za nani, ziliisha lini? Shinyanga, chini ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986, ngitili zilirudishwa kwa eneo kubwa kwa kutumia utaratibu ambao watu waliujua tayari. Kama kijijini kwako ipo hata moja, umepata pa kulinganishia.

Wanawake wasikilize bila waume zao kuwapo, na usiwaite mkutano; wafuate kisimani. Anayechota maji ndiye anayejua ni Agosti au Septemba ndoo inapoanza kujaa nusu saa badala ya dakika tano. Jibu hilo hutalipata kwa mwenye nyumba hata ukimpa soda tatu.

Hatua ya 5: Kipima mvua

Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye mwili ulionyooka. Kata sehemu ya juu pale bega linapoanza, igeuze iwe faneli, iingize ndani ya ile ya chini. Tako la chupa lina mabonde, kwa hiyo mimina saruji laini kidogo hadi liwe sawa, na liache likauke. Juu ya saruji ndipo sifuri yako. Bandika rula ya plastiki nje. Kwa kuwa mdomo na mwili vina upana sawa, milimita ya rula ni milimita ya mvua. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba; ikinyesha 40, ekari moja imepokea kama lita 160,000. Mwambie mkulima namba hiyo uone atakavyokutazama.

Ifunge kwenye kigingi, mdomo ukiwa urefu wa kiuno, mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya urefu wake. Mwaka wangu wa kwanza niliweka chupa karibu na mwembe ili mbuzi wasiifikie. Mbuzi hawakuifikia, na mvua pia haikuifikia vizuri: nilikuja kugundua Aprili, jirani alipoweka yake uwanjani, kwamba ya kwangu ilikuwa inapokea pungufu kila siku. Miezi yote ile niliifuta.

Soma kila siku saa 3 asubuhi, kisha mwaga. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku ambayo hukusoma, weka mstari. Tofauti hiyo ndogo ndiyo uti wa mgongo wa daftari lote, kwa sababu nafasi tupu baada ya miezi sita hakuna atakayejua kama ilikuwa kiangazi au msiba.

Mtunza daftari awe mtu anayelala pale pale, alipwe kidogo kila mwezi hata kama ni vocha, na umtembelee bila taarifa. Niliwahi kupokea ukurasa safi mno: mwezi mzima kwa wino mmoja, mwandiko umeinama upande mmoja, na kila namba inaishia kwa 0 au 5. Uliandikwa usiku mmoja. Sikumgombeza. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimefika kwake wiki saba.

Hatua ya 6: Maji na tope lake

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa tumia muda.

Kwenye kila tawi tafuta sehemu iliyonyooka ya mita 10 isiyo na mawe makubwa. Pima upana wa maji, halafu kina kila baada ya sentimita 20, upate wastani. Zidisha upana kwa wastani wa kina. Kisha tupa chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza, na uhesabu sekunde hadi lipite ya pili. Chungwa linafaa kwa sababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi, na likipotea mtoto ameokota chakula. Rudia mara tano. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kasi kwa 0.8.

Tuseme upana ni mita 2 na kina cha wastani mita 0.15. Eneo ni 0.30. Chungwa limechukua sekunde 25 kwa mita 10, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Ukizidisha kwa 0.8 unapata 0.32. Mara 0.30 ni mita za ujazo 0.096, sawa na lita 96 kila sekunde.

Sasa tope. Chota lita moja katikati ya mkondo, mdomo wa chupa ukiwa umeelekea maji yanakotoka, na usikoroge chini kwa miguu. Nyumbani tia punje ndogo ya shabu, ile ile kwa kila chupa, maana mfinyanzi peke yake unaweza kuelea siku kadhaa. Ikitulia, mwaga maji ya juu taratibu, mimina tope kwenye kifuniko cha bati ulichokipima kikiwa kitupu, kausha juani siku mbili, pima tena. Mizani ya jikoni haitoshi. Nenda kwa sonara au mnunuzi wa dhahabu, tena ukanda huu hatuna uhaba nao. Mizani yao inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na wengi watakupimia kwa ucheshi tu wakishajua unachopima si dhahabu.

Ukipata gramu 2 kwa lita, na maji ni lita 96 kwa sekunde, tope ni gramu 192 kwa sekunde. Kwa saa moja ni kilo 691, karibu magunia saba ya kilo mia yanayoingia ziwani huku watu wanakunywa chai. Fanya hesabu hiyo kwa kila tawi, kisha gawa kwa eneo linalomwaga maji kwenye tawi hilo, la sivyo tawi kubwa litaonekana baya kwa ukubwa wake tu.

Ugumu ni kwamba tope kubwa linapita siku chache mno za mwaka, na kwa kawaida usiku. Mvua mbili tatu za kwanza za vuli, ardhi ikiwa wazi na mifugo imeshamaliza majani, zinaweza kubeba zaidi ya zilizobaki zote. Ukipima kila Jumamosi asubuhi maji yakiwa yametulia, utaandika kwamba korongo lako ni safi. Kwa hiyo weka chupa za kujijaza: simika nguzo imara, funga chupa tatu kwa urefu tofauti, kila kifuniko kina mirija miwili, mmoja wa chini wa kuingizia maji na mmoja wa juu wa kutolea hewa. Mafuriko yakipanda hujaza ya chini, kisha ya pili, kisha ya tatu. Asubuhi unazikusanya na kupaka alama pale maji yalipofikia.

Usiingie kwenye maji yanayokimbia yaliyozidi goti. Sirudii.

Hatua ya 7: Shambani

Korongo linakuambia tope limetoka tawi lipi. Kujua limetoka shamba gani na linazuiwa na nini, weka vigingi. Vitabu vinashauri nondo. Tulizipigilia nondo 30, na wiki ya tatu zilibaki 11. Wanunuzi wa chuma chakavu wana macho. Tukahamia vipande vya bomba jembamba la plastiki la nyaya za umeme, urefu wa sentimita 40, tunatoboa kwanza shimo kwa nondo halafu tunazamisha na kuacha sentimita 10 juu. Hakuna aliyevitamani.

Pima sehemu iliyo juu ya ardhi mwanzo wa vuli, kisha kila mwezi. Ikiongezeka, udongo umeondoka, ikipungua, umerundikana. Milimita 1 kwenye ekari moja ni kama mita za ujazo 4, tani 5 hivi. Wastani wa vigingi ukionyesha milimita 4 zimeondoka, mwambie mwenye shamba kwamba Fuso tatu za tani 7 zimepakia udongo kwake usiku. Hapo utaanza kuulizwa maswali ya maana.

Kama unajaribu njia ya kuzuia, iwe makinga maji ya kufuata kontua, matandazo ya majani au mistari ya matete, jaribu moja tu kwa wakati, kwa wakulima watatu au zaidi, kila mmoja akiwa na kipande chenye njia hiyo na kipande kisicho nayo, mteremko na udongo ule ule. Kipande kipi kipate, rusha shilingi. Ukimwachia mkulima achague, atakupa kile kilichochoka kwa majaribio, nawe utalaumu matete bure.

Hatua ya 8: Ziwani, kwa kifupi

Tengeneza sahani ya duara ya sentimita 20 kutoka bati, igawe robo nne, paka nyeusi na nyeupe kwa kupokezana, ning'iniza jiwe chini, funga fundo kwenye kamba kila sentimita 10. Inaitwa sahani ya Secchi, imetumika tangu 1865. Ishushe upande wa kivuli wa mtumbwi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, andika kina inapopotea na inapoonekana tena ukiivuta, chukua wastani. Andika pia rangi, kwa sababu kahawia ni tope, lakini kijani ni mwani, na hayo ni magonjwa mawili yenye tiba tofauti.

Ukitaka kuongeza samaki, usihesabu kilo peke yake. Andika mitumbwi mingapi ilitoka na ilikaa majini saa ngapi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Siku za mbalamwezi wavuvi wengi wanafua nyavu, kwa hiyo mwalo mtupu siku hizo si habari. Kwa sangara na sato pima urefu: sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya 25 ni haramu kuvuliwa, na ukiwapima hadharani ujue wavuvi watakuona askari. Kubaliana kwanza na BMU kwamba daftari lako si la kukamatia mtu.

Vaa jaketi la kuokolea. Vaa mabuti ya mpira kwenye maji ya ufukweni yaliyotulia na yenye majani, hasa kati ya saa 4 na saa 8 mchana, maana ndizo saa ambazo mabuu ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono. Watafiti wengi wa ziwa ninaowafahamu wameshameza dawa yake, nami nimo.

Hatua ya 9: Hesabu

Karatasi ya mraba na penseli zinatosha kuanza. Chora mvua ya kila siku kwa nguzo, juu yake weka nukta za tope la kila tawi. Tazama kwa macho kabla ya kukimbilia programu ya majedwali. Mara nyingi utaona jambo moja tu: nukta zote kubwa zimesongamana Novemba na Desemba, au tawi moja linapanda mvua ikizidi milimita 25 na jingine linabaki chini. Hilo ndilo jibu lako.

Andika na yaliyokataa. Kama ulitegemea malisho ndiyo mabaya na daftari linasema ni njia ya ng'ombe ya kwenda kunywa, upana wa mita 6 tu, yenyewe ikigeuka korongo kila masika, basi ni hiyo njia. Mwaka mmoja haukupi haki ya kusema "kila mwaka", hasa ukiangukia mwaka wa mvua nyingi kupita kiasi.

Hatua ya 10: Rudisha

Kabla ripoti haijaenda chuoni au wilayani, rudi kwenye kitongoji kile kile ulichoombea dakika 15. Bandika picha 12 kwenye ukuta wa shule. Weka mezani chupa mbili za tope lililotulia, moja ya kila tawi, na magunia saba matupu yaliyopangwa chini. Usitaje namba za mashamba. Uliza: tufanye nini? Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu.

Kwetu walikubaliana mambo mawili siku ile. Njia ya ng'ombe igawanywe mara mbili na kupitishwa kwenye mawe badala ya luseni, na ngitili iliyokuwa ya ukoo mmoja ipanuliwe juu ya korongo. Jambo la pili linahitaji sheria ndogo ya kijiji, kwa hiyo mwombe mtendaji aliingize kwenye muhtasari, lipitie halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, lipelekwe wilayani. Wape nakala ya daftari, ikae ofisi ya kijiji.

Mama wa mchicha alikuwapo. Aliinua chupa ya tawi la mashariki, akaigeuza juu chini, akauliza kwa nini hatukupima la kwake, lile linalopita nyuma ya bustani. Chupa za tawi hilo la tatu zinatakiwa ziwe zimefungwa kabla Oktoba haijaisha, na nguzo yake tayari ameichagua yeye.